Fiziotherapia ishuke mwaloni: barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Kigoma

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma,
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Wakurugenzi wa halmashauri zote nane za mkoa wetu.

YAH: OMBI LA KLINIKI YA MKOBA YA FIZIOTHERAPIA KWA WAGONJWA WA MGONGO NA NYONGA

Waheshimiwa, salaam, na poleni na majukumu.

Mimi ni mama lishe hapa Kibirizi, mwalo wa boti mjini Kigoma. Wabeba mizigo wanaokula kwangu wana mfuko wao wa kusaidiana, na daftari lake nalishika mimi. Walinichagua kwa sababu moja tu: madeni yao ya chai huwa nayaandika na hayapotei. Daftari hilo ndilo lililonisukuma niwaandikie. Malaria imo, misiba imo, wake zao kujifungua kumo. Lakini neno lisilokosekana kila ukifunua ni kiuno. Kiuno, sindano. Kiuno, picha. Kiuno, mkanda. Kiuno, nauli ya Mwanza. Kuna mahali nimeandika "kiuno, mafuta ya chatu", na hela nikatoa, maana katiba ya mfuko haimpi mweka hazina mamlaka ya kumchagulia mtu dawa. Kitu ambacho karibu hakionekani humo ni "kiuno, mazoezi".

Ombi letu ni hili. Wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, waliopo mkoani wapangiwe siku za kutoka hospitalini na kuwafuata wagonjwa wa mgongo kwenye vituo vya afya, kwenye magulio na huku mialoni, kwa ratiba inayojulikana. Hatuombi jengo, na mashine ya mamilioni hatuitaki. Tunaomba mtu, mkeka, na kalenda.

Najua mtasema mgongo ni ugonjwa wa watu wazima, na kwamba mkoa una mambo mazito zaidi: akina mama wanaojifungua, watoto, kipindupindu kinachotunyemelea ziwani. Ni kweli, mgongo hauui. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaowafanya watu wengi kiasi hicho washindwe kufanya shughuli zao. Sasa chukueni hesabu hiyo muilete kwenye mkoa ambao karibu kila kitu kinainuliwa kwa mwili wa binadamu. Saruji inatoka kwenye lori kwenda kwenye boti ya Kongo mgongoni mwa kijana. Dagaa wanavutwa usiku kucha kwa mikono. Mawese yanakamuliwa na watu wanaozungusha mashine ya mkono. Kahawa na maharage ya Kalinzi yanalimwa na mama aliyeinama na jembe la mpini mfupi tangu alfajiri, na akiondoka shambani anabeba kuni. Dereva wa bodaboda wa Gungu ndiyo kabisa, anakaa kwenye tangi siku nzima, barabara inampiga kutoka chini.

Wengi wao wakishikwa hawana kitu kikubwa kilichoharibika. Wataalamu wanasema kati ya wagonjwa kumi wa mgongo wa chini, tisa huwezi kuonyesha kidonda au mfupa mmoja ukasema huu hapa ndio chanzo. Ni misuli, ni viungo vya pingili, ni kazi, ni usingizi mbovu, ni mawazo ya ada za shule, vyote kwa pamoja. Wapo wengine ambao maumivu yana njia yake: yanaanzia kiunoni, yanaingia kwenye kalio, yanapita nyuma ya paja, yanavuka goti na kuteremka hadi kwenye unyayo, na ganzi juu yake. Huyo mshipa wake mkubwa wa fahamu, ule unaotoka kwenye pingili za chini na kushuka mguuni, umebanwa au umechokozwa pale unapotokea, na mara nyingi kinachoubana ni diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, iliyojitokeza kwenye pingili za mwisho. Hospitalini wanaita sayatika. Mwaloni tunasema tu nyonga imemshika.

Nilimsindikiza kijana mmoja wa namna hiyo. Alikuwa anapakia saruji, mifuko ya kilo 50, na alipoinama kuulaza mfuko akasikia kama umeme umempiga kwenye kalio la kushoto ukatokea kwenye kidole gumba cha mguu. Alikuwa ameshachoma sindano kwenye duka la dawa, amelala chini kwenye sakafu kama alivyoelekezwa na wazee, ameshanunua na mkanda. Kwa bahati tukaangukia mikononi mwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuwa na muda.

Naomba mnivumilie nieleze alichofanya, kwa sababu nadhani wengi wanaopanga bajeti hawajawahi kukaa ndani ya chumba kile. Kwanza aliuliza, na aliuliza sana. Unakojoa vizuri? Sehemu unayokalia ina ganzi? Unapata homa za jioni, unakonda, unatoka jasho usiku? Uliwahi kuanguka? Kisha akamlaza chali, akaunyanyua mguu uliokuwa umenyooka, taratibu, akitazama uso wa kijana badala ya mguu. Akamgonga goti na kisigino kwa kinyundo kidogo. Akamtembeza kwa visigino, akamtembeza kwa ncha za vidole, akamwambia ainue kidole gumba huku yeye anakikandamiza. Halafu akamgeuza alale kifudifudi kwenye mkeka, akamwacha apumue, akamwambia ajiinue kwa viwiko. Akauliza maumivu yako wapi sasa. Kwenye shavu la mguu, akajibu. Baada ya muda akauliza tena. Kwenye paja. Akamwambia ajiinue kwa viganja, kiuno kikibaki chini, mara kadhaa. Maumivu yakarudi juu hadi kwenye kalio, na pale kiunoni yakazidi kidogo. Kijana akaogopa. Mtaalamu akamwambia hiyo ndiyo habari njema: yakipanda kurudi kiunoni uko kwenye njia, yakianza kushuka mguuni acha zoezi uje uniambie.

Hakuna kifaa hata kimoja cha umeme kilichotumika. Ningekuwa mkurugenzi wa halmashauri, ningelisoma sentensi hiyo mara mbili.

Akamweleza kwamba diski iliyojitokeza mara nyingi husinyaa yenyewe, na kwamba wengi wa wenye tatizo lake hupata nafuu kubwa ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu bila kisu. Akamkataza kulala siku nzima. Hilo lilinishangaza, kwa sababu huku kwetu mgonjwa wa mgongo akionekana anatembea husemwa anajitakia. Kumbe lilishapimwa zamani. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki, kule Finland: waliokuwa na maumivu mapya ya mgongo na wakaendelea na shughuli za kawaida kadiri maumivu yalivyowaruhusu walipona haraka kuliko walioambiwa walale siku mbili. Siku mbili tu! Sisi tunawalaza watu wiki mbili.

Mwisho akamfundisha kubeba. Mzigo ukae karibu na tumbo, goti likunjwe, na ukitaka kugeuka geuka kwa miguu, usizungushe kiuno ukiwa na mzigo. Kijana akamsikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Daktari, pale kwenye ubao wa kupandia boti hakuna nafasi ya kugeuza miguu." Mtaalamu akanyamaza. Ubao wetu hakuwahi kuuona. Hajui kwamba ni mwembamba, kwamba unalowa, kwamba boti inasogea wakati mtu yuko katikati, na kwamba anayepokea ndani ya boti anapokea akiwa amepinda upande mmoja. Angeuona angepata jibu, maana alikuwa mtu wa akili. Angesema wekeni mbao mbili, au wa kupokea wawe wawili, au badilishaneni upande kila baada ya safari kadhaa. Tiba ya mgongo nusu yake iko pale kazi inapofanyika, na kitanda cha hospitali hakiwezi kumwonyesha mtaalamu.

Kijana aliandikiwa kurudi kila wiki, zoezi libadilishwe kadiri anavyopata nguvu, hadi afike hatua ya kubeba tena. Hakufikisha hata nusu. Si kwa uvivu. Kuli analipwa kwa gunia. Siku ya foleni ni siku ambayo nyumbani hakuingii kitu, na mfuko wetu unaweza kulipia matibabu lakini hauwezi kulipia siku iliyopotea. Kila hudhurio lina malipo yake na nauli yake. Na huyo anaishi mjini. Fikirieni anayetoka Mwamgongo au Kagunga anayekuja mjini kwa boti, amekaa kwenye ubao amejikunja saa nyingi, na kukaa hivyo mara nyingi huiudhi diski. Anafika hospitali akiwa mbaya kuliko alivyoondoka, anaelekezwa zoezi, anapanda tena boti. Nani atarudi wiki ijayo? Akipona nyumbani tunasema mazoezi yamemsaidia, asipopona tunasema mazoezi ni ya wazungu wenye viwanja.

Kwa hiyo hela inakwenda kwenye vitu vya mara moja. Sindano ni ya mara moja. Picha ni ya mara moja, na mtu anarudi nayo kijijini akiwa ameikunja kwenye bahasha kubwa, anawaonyesha majirani. Sikatai picha, ikihitajika ihitajike. Lakini utafiti uliokusanya vipimo vya watu wasio na maumivu yoyote ulikuta kwamba hata wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 diski zao zilionekana zimeanza kuchakaa, na wenye miaka 80 ni asilimia 96. Kijana akiambiwa "pingili zimechakaa" bila mtu wa kumweleza hilo, anajihesabu kilema. Nimewaona wakiacha kazi kwa sababu ya karatasi.

Mkanda nao. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Linapendekeza mgonjwa aelimishwe, apangiwe mazoezi, aangaliwe na upande wa mawazo. Kukandwa na tiba fulani za mikono vimo, na dawa za kutuliza za kundi la diklofenaki zimo. Mikanda na kuvutwa uti wa mgongo, havimo. Shirika linasema visitumike kama utaratibu wa kawaida. Kwenye daftari langu mikanda imetafuna hela ambayo ingemlipa mtaalamu posho ya safari. Diklofenaki nayo, pamoja na kwamba inakubalika, haikuwekwa duniani iwe chai ya asubuhi. Inakwangua tumbo na inachosha figo, na kuna wazee hapa wanaimeza kila siku kabla ya kushika mzigo wa kwanza.

Mazoezi yenyewe hayahitaji makubwa. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walitoa matokeo yao juu ya watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona mgongo. Ambao mtaalamu wa fiziotherapia aliwapangia ratiba ya kutembea, wakilenga polepole kufika nusu saa mara tano kwa wiki, walikaa siku 208 kabla ya nusu yao kurudiwa na maumivu. Ambao hawakupewa chochote, siku 112. Najua kuli hahitaji kufundishwa kutembea. Lakini fundi cherehani wa Mwanga anahitaji, na karani wa halmashauri anahitaji, na bodaboda ndiye anayehitaji kuliko wote. Kwa wabeba mizigo, kinachotakiwa ni mtu wa kuwarudisha kwenye uzito kwa hatua: wiki hii mfuko nusu, wiki ijayo mmoja kwa safari chache. Hilo hakuna sindano inayolifanya.

Na kuna sababu nyingine ya kumtaka mtaalamu karibu, hii ni ya haraka. Yale maswali aliyoanza nayo hayakuwa maongezi. Mtu mwenye mgongo anayeanza kushindwa kukojoa, au anayepata ganzi sehemu za siri na za kukalia, au miguu yote miwili inalegea, huyo mishipa yake ya chini imebanwa kwa nguvu na anahitaji upasuaji mara moja; akicheleweshwa anaweza asirudi kuwa alivyokuwa. Anayekonda na kutoka jasho usiku huenda ana kifua kikuu cha uti wa mgongo, na dawa zake zipo na ni bure. Anayeishi na ng'ombe na kunywa maziwa mabichi, homa zikimpanda na kushuka, apimwe ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, unaompata na binadamu. Hawa wote huku kwetu wanachuliwa kwa mawese miezi na miezi kwa sababu wote wanasema neno lilelile, kiuno. Tabibu wa zahanati akifundishwa maswali yale, siku moja tu ya mafunzo, atawachuja.

Mtaniuliza itafanyikaje. Si mtaalamu wa utawala, lakini chai yangu inanywewa na watu wa idara zote. Naambiwa hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya, na zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya TAMISEMI kupitia halmashauri. Kwa hiyo mtaalamu wa hospitali ya mkoa hawezi kuibuka tu kwenye kituo cha afya cha halmashauri. Lazima wakubwa wawili wakubaliane nani anatoa gari, nani anatoa posho, na takwimu za wagonjwa zinaingia kitabu gani. Ninyi niliowaandikia ndio wakubwa wenyewe, ama mnakaa nao meza moja. Makubaliano ya karatasi moja yanatosha kuanza. Chanjo inakwenda kwa mkoba, kliniki ya wajawazito na watoto inakwenda kwa mkoba, macho yanakuja kwa kambi. Gari la chanjo lina kiti cha tatu.

Siku zichaguliwe kwa akili. Vijijini ziwe siku za gulio, maana mama atakuja gulioni hata akiwa anachechemea. Mialoni, ziwe siku za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani mwezi ukiwa mkubwa, kwa sababu taa zao hazivuti samaki. Wanakaa nchi kavu wakishona nyavu, na mizigo mwaloni inapungua. Kalenda ya mwezi inajulikana mwaka mzima kabla. Kliniki ya kila mbalamwezi haitahitaji tangazo. Katikati ya mwezi, mhudumu wa afya ya jamii aliyeonyeshwa mazoezi matatu manne anaweza kupita kuangalia kama yanafanywa sawasawa.

Kuhusu malipo, mgonjwa alipie mara moja kwa mzunguko mzima wa mahudhurio, kuliko kulipia kila anapokanyaga mlangoni. Mtu aliyekwisha kulipia atarudi. Hiyo naijua kutoka kwa wanaolipia chakula cha wiki. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaendelea kuwekewa utekelezaji, mkoa wetu usimame uhakikishe fiziotherapia ya ngazi ya kituo cha afya inaingia kwenye kitita cha huduma, isibaki jambo la hospitali kubwa. Vijana wa fani hii wanafundishwa nchini. Hospitali ya KCMC kule Moshi imewatoa kwa miongo. Halmashauri ikiweka nafasi moja ya ajira kwenye ikama yake, kuna atakayekuja hadi mwisho wa reli.

Nilitaka kuishia hapo, lakini wabeba mizigo wenyewe wamesema nisipoandika habari ya lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, hawatanisamehe. Sheria ya Vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na bado magunia yanashuka hapa yamevimba hadi yamefungwa kilemba. Mizani ipo maofisini, iletwe mwaloni. Tena hata hilo la halali: pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linasema mzigo wa mwanaume mtu mzima usizidi kilo 55. Gunia letu halali ni karibu mara mbili yake. Kuwatibu watu asubuhi na kuwatwisha hilo jioni ni kuchota maji kwa tenga. Na akiumia hana pa kudai, kwani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamhusu mwenye mwajiri anayemchangia, na mwajiri wa kuli ni gunia lenyewe. Maofisa wa OSHA, wale wa usalama na afya mahali pa kazi, wakija kukagua bandari, watembee hatua chache zaidi wafike na huku.

Kikundi kimekaa na kimekubali mambo mawili kwa upande wake. Banda la mikutano litatolewa bila malipo, lina sakafu ya saruji, na mikeka tunayo. Na mfuko hautalipia tena mkanda kwa yeyote mpaka awe ameonwa na mtaalamu. Wapo walionuna, lakini imepita kwa kura. Tunachoomba kutoka kwenu ni tarehe ya kwanza, kwenye mbalamwezi yoyote mtakayoona inafaa, na jina la ofisa tutakayewasiliana naye. Jibu likija kwa barua au kwa mdomo, sisi tupo.

Wenu,
Mweka hazina,
kwa niaba ya wabeba mizigo wa mwalo wa Kibirizi,
Kigoma.

Nakala: Mganga Mfawidhi wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Waganga Wakuu wa Wilaya, mbao za matangazo za mialo.